Dawa ya Mbuzi kwa Mguu Wangu

Jumanne, Kabati

Huu mwasho utanimaliza kabla mguu upone. Tangu nipasuliwe goti, kila mahali plasta imeshika, vipele vimejipanga kama mahindi kwa gunzi.

Jana nilishindwa. Nikachukua ile dawa ya zambarau ya kupulizia mbuzi zangu za kuuza, nikajipulizia mguu mzima. Mbuzi hajawahi kulalamika.

Leo kliniki sista akafungua bandeji, akainamia mguu, akakunja uso. Hapo nikaogopa. Wakipasua hii goti tena, soko nitarudi lini?

"Baba Mwende, umepaka nini hapa?"

"Ni leso ya bibi yangu, imechuja rangi."

"Endelea kunidanganya, nikupe dawa zigombane na hiyo yako huko ndani."

Nikasema ukweli. Aiya! Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe kidonda kimefunga vizuri, ni ngozi tu imekataa gundi ya plasta. Akanifunga na kitambaa, akanipa mafuta ya kupaka, akanikataza kujikuna.

Nikashukuru Mungu, nikachukua magongo. Kufika mlangoni, akaniita polepole wengine wasisikie:

"Na hiyo dawa unanunua wapi? Beberu yangu iko na kidonda kwa kwato."