Huyo Loreen si Wangu

Jumamosi, 20 Desemba

Huoni haya? Tangu tuvune mahindi hujafungua hii daftari. Ulikuwa unangoja nani akuite? Wewe mwenye kusoma ni mimi peke yangu, kwa hivyo nakugombeza vizuri bila mtu kusikia. Vidole vimekuwa ngumu kama kuni. Mjukuu wako Nekesa alikufundisha herufi likizo mbili nzima, wewe mzee ambaye hujawahi kukalia dawati, halafu unaachia panya karatasi.

Niko Matisi, hapa Kitale. Nimefua, nimeanika, maharagwe iko jikoni. Mke wa mtoto wangu Wanjala anauza nguo kule Suam, mpakani. Anaenda siku mbili, tatu, anarudi. Wanjala mwenyewe yuko na lori mbali. Ndiyo nimetoka kwangu Bumula, huko Bungoma, kuwaangalizia watoto. Nekesa, miaka nane. Nasimiyu, miaka minne.

Nataka kitu moja tu. Niende na hao wawili Bumula, tukae mpaka shule ifunguliwe. Nimemwambia mama yao. Amesema, "Tutaona, Mama."

Hiyo tutaona siipendi.

Jumatatu, 22 Desemba

Leo ni jina tena. Mtoto alizaliwa wakati wa kiangazi. Kwetu huyo ni Nasimiyu, imeisha. Mama yake anamwita Loreen. Mimi l na r zinapigana mdomoni tangu nizaliwe, na sisi wengi wa Bungoma tuko hivyo. Siku ya kwanza nilisema Rolini. Siku ya pili, Lolini. Akanisahihisha mbele ya majirani. Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu.

Sijaitamka tena. Na leo nimewaambia watoto: nikiwa kwa hii nyumba, Loreen nisisikie kwa mdomo ya mtu.

Nekesa: "Lakini Kukhu, shuleni..."

"Hapa ni shule?"

Akachukua ufagio. Anajua kukhu, nyanya yake, hasemi mara mbili.

Jumatano, 24 Desemba

Mama yao amerudi. Amechoka, miguu imefura. Nimemkanda na maji ya chumvi. Mimi si mtu mbaya.

Amesema Ijumaa anaenda Suam tena, na watoto wanalia wapelekwe uwanjani Kitale. Kuna farasi, kuna bembea. Akasema, "Wapeleke, Mama. Lakini mkono ya mdogo usiachilie. Nikiwakuta salama, Jumatatu mwende Bumula."

Nimezaa saba, nimelea saba. Ati nafundishwa kushika mkono.

Lakini amesema Bumula! Nimepika chapati nyingi kupita watu.

Ijumaa, 26 Desemba

Andika tu.

Tulifika mapema. Watu kama siafu. Muziki inapiga mpaka tumbo inaruka. Walichorwa uso, wote wawili paka. Soda. Bembea. Halafu Nekesa akapanda farasi. Ameketi wima kama chifu. Nikafurahi, nikapiga makofi.

Makofi ni ya mikono miwili.

Kuangalia chini, Nasimiyu hayuko.

Niliita. Sauti yangu inasikika mito miwili mbali, lakini hiyo muziki iliimeza. Nikamshusha Nekesa kwa farasi, nikamvuta. Bembea, hapana. Kwa soda, hapana. Geti iko wazi, na nje malori yanapita. Mwanamke mmoja wa viazi akasema ameona mwanaume amebeba mtoto analia, wameenda upande ya barabara. Nilikimbia. Na hii goti. Nikamshika huyo mwanaume shati. Mtoto ni wake. Baba kijana, ana meno yote. Akasema, "Pole, mama." Nikatamani kumpiga kwa sababu mtoto wake yuko.

Nekesa ananivuta leso. "Kukhu, kwa spika wanaita..." Nikamwambia nyamaza, tunatafuta dada yako. Akavuta tena. Nikamfinya.

Nikaenda kwa hema ya mwenye spika. Kijana wa kofia, wale wanaita nyanya shosh.

"Niaje shosh, mbona mbio hivyo?"

"Nimepoteza mtoto. Nasimiyu. Miaka minne."

"Hapa tuko na Loreen peke yake."

"Huyo Loreen si wangu."

"Si ungoje kidogo umuone, shosh..."

"Nimesema si wangu! Ita Nasimiyu, bana, unanipotezea wakati."

Akaita Nasimiyu. Mimi nikazunguka tena. Nilitafuta mpaka chini ya meza za watu. Nikatafuta kwa choo. Nikaomba Mungu, halafu nikamgombeza.

Nekesa akakaa chini, kwa mchanga, katikati ya watu. Akasema, "Nipige ukitaka, Kukhu. Loreen ndiye Nasimiyu. Wamemwita mara tatu."

Nilijua. Hiyo ndiyo mbaya. Nilijua hiyo jina na sikuisikia. Ilikuwa kama wanaita mtoto wa Wazungu.

Alikuwa nyuma ya pazia ya hema, kwa kiti, na mandazi mkononi. Hajaila. Machozi imechora mistari kwa uso wa paka. Walimuuliza jina, akasema ile mama yake alimfundisha. Alifanya vizuri. Nikafungua mikono. Hakukuja. Aliniangalia.

"Ulisema mimi si wako."

Pazia ni kitambaa tu. Alisikia yote.

Jumamosi, 27 Desemba

Hataki nimwogeshe. Hataki nimlishe. Nekesa ndiye anamlisha. Nimemwita Nasimiyu, ameangalia ukuta. Nimemchinjia kuku, nikampa filigisi. Kwetu filigisi ni ya wakubwa. Amempa paka wa jirani.

Mama yao anakuja kesho. Nimefikiria kuwaambia wasiseme. Nimefikiria sana. Nekesa hawezi kusema uongo, uso wake ni dirisha. Na huyu mdogo, nitamwambia anyamaze na mdomo gani? Ile ilisema si wangu?

Nikisema, Bumula imeenda. Nisiposema, nitaenda nao na nitakuwa mwizi.

Ninaogopa mke wa mtoto wangu. Haya, nimeandika.

Jumapili, 28 Desemba

Nimesema mwenyewe. Mama yao hata hajatua mzigo. Nilisimama hapo mlangoni nikamwambia yote, mpaka neno la hemani.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alimchukua mtoto mapajani, akaangalia vidole vyake moja moja kama anahesabu. Halafu akasema, "Mama, unajua Loreen ni nani?"

Nikasema ni jina ya shule.

"Ni mama yangu."

Nilikuwa kwa matanga ya huyo mama. Mtoto alizaliwa mwezi huo huo. Nilibeba maji, nilipika, nililia na watu. Huyo mama tulimwita Mama Sella, kwa mtoto wake wa kwanza, na tukamzika Mama Sella. Jina yake mwenyewe sikuuliza. Nimekula chakula ya matanga yake, halafu nimekataza jina yake kwa nyumba ya binti yake.

Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Sijawahi kumwita hivyo. Alilia. Mimi pia.

Nikauliza Bumula. Sina haya. Akasema, "Nekesa aende. Huyu muulize mwenyewe."

Nikapiga magoti, ile goti mbaya. Nikasema, "Rolin."

Akasema, "Lo."

"Ro."

"Hapana, Kukhu. Lo."

Akatingisha kichwa. Akasema haendi mpaka niseme vizuri. Mama yake akafunika mdomo na leso, nadhani alikuwa anacheka. Sikukasirika.

Jumatano, 31 Desemba

Bumula. Mvua kidogo asubuhi. Nekesa ameokota mayai, amevunja moja, sijasema kitu. Kitanda ya mdogo nimetandika tu, na blanketi ya maua.

Nekesa amenionyesha tena. Herufi l ni fimbo imesimama, ulimi inagusa nyuma ya meno, inakaa. Na r ni fimbo imeinamisha shingo, ulimi inatetemeka. Ya kwanza inasimama, ya pili inainama. Jina moja iko na zote mbili.

Mama yake amesema Jumamosi nipige simu, ataweka mtoto kwa simu.

Wewe, ukirudi hapa kesho, usinianzie habari ya mvua wala ya kuku. Weka ulimi nyuma ya meno. Sema kwanza kwa sauti, Nekesa asikie, halafu uandike mara kumi: Loreen wangu.