Picha Ile Ile

Jumatatu, 17 Februari

Diski imejaa. Wiki hii, kati ya wiki zote! Jumamosi ni siku ya kuwakumbuka marehemu, mji mzima unataka tanzia, mpya na za kumbukumbu ya kila mwaka, za kubandika milangoni na kwenye nguzo, na mashine, kompyuta ya duka letu la uchapaji, inakataa hata picha moja. Hatuna nyingine. Nyuso za miaka kumi na sita zimo ndani ya hifadhidata hiyo moja, kila picha nzito kupita kiasi, maana Mzee Stamen, bosi wangu, anataka hadi mikunjo ya macho ionekane.

Ameniambia nizime, niwashe. Nimezima, nimewasha. Imejaa vilevile.

Mwishowe nimefuta nakala ya akiba, iliyokuwa kwenye diski hiyo hiyo. Nimepata nafasi ya leo. Basi.

Jumanne, 18 Februari

Nimefuta tanzia zote zilizopita miaka mitatu. Arobaini zao zimepita, mwaka umepita, nani atazitaka tena? Elfu tisa na ushee. Kuangalia diski — haijapungua hata chembe. Nimetukana kwa sauti, mteja akageuka.

Nikampigia Ognyan, aliyetutengenezea mfumo huu kabla hajahamia mji wa Varna. Alicheka. Kumbe ukifuta tangazo unafuta maneno tu. Picha inabaki ndani bila mwenyewe, inakula nafasi. Ipo programu ya kufagia: inapitia picha moja moja, na ile isiyo na tangazo lake inaitupa. Baada ya hapo kila kitu kibanwe, ndipo diski irudishiwe nafasi yake. Akauliza kama tuna nakala ya akiba. Nikasema tunayo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Najua. Sikutaka anisute.

Jumatano, 19 Februari

Nimefagia. Picha elfu nane mia sita, dakika kumi na moja tu! Kubana bado, lakini mashine sasa inapokea picha mpya, inazipanga kwenye mapengo yaliyoachwa. Stamen kaniletea banitsa, andazi la jibini, ya moto, akasema bila mimi duka lingefungwa. Tumechapa tanzia arobaini na mbili kabla ya saa kumi jioni. Nimefurahi, niseme ukweli.

Alhamisi, 20 Februari



Asubuhi kaja Shangazi Nedka. Si shangazi wa damu, tunakaa jengo moja. Huja kila Februari, huu mwaka wa kumi na nne, kwa tanzia ya mwanawe Svilen, aliyekufa kwa pikipiki akiwa na miaka ishirini na miwili. Nikafungua tangazo la mwaka jana. Maneno yapo. Mahali pa uso pana mraba mweupe.

Chini, kwenye maelezo: "picha ile ile, 4471." Nimeandika mimi. Kila mwaka naandika mimi! Familia ikirudi huwa sipakii picha upya — ya nini kurundika? Naandika namba ya ile ya kwanza, na siku ya kuchapa naitafuta na kuiweka mwenyewe. Eti nabana nafasi. Programu haisomi maelezo. Imeona tangazo la kwanza halipo, ikaitupa picha. Nilitaka kuwaondoa waliosahauliwa, nimewaondoa wanaokumbukwa kila mwaka. Nimepitia maelezo yote: familia mia tatu na kumi na saba.

Shangazi Nedka nilimwambia kazi zimetuzidi, arudi kesho. Akaketi kwanza apumzike.

"Sina haraka, mwanangu," akasema. "Bomba la nyumbani lilipopasuka, maji yakaharibu albamu zangu zote, nililia. Halafu nikakumbuka, Svilen yuko kwenu. Nikanyamaza."

Nikampigia Ognyan, nikamwambia yote, hata habari ya akiba. Safari hii hakucheka. Picha hazijatoweka bado, mashine imeziandika tu kuwa nafasi tupu. Jumapili anaweza kuja kujaribu kuzitoa. Lakini kila picha mpya tunayoweka huenda inakaa juu ya mojawapo, na tukibana ndiyo basi tena.

"Zima sasa hivi, Miglena," akasema. "Chomoa waya kabisa. Na mwambie bosi wako."

Sikuzima. Sikumwambia. Foleni ilifika nje, Stamen anapiga mluzi kwa furaha. Tangu simu ile nimeweka picha thelathini na nane. Mimi ni mwoga. Siku zote nimekuwa mwoga.

Ijumaa, 21 Februari

Saa sita mchana. Naandika stoo, nimekalia boksi la karatasi.

Asubuhi nimeweka tisa nyingine. Saa tano akaja Shangazi Nedka na bakuli la ngano ya kuchemsha, ya kesho makaburini, akanichotea kidogo kwenye kikombe. Nimekula mbele yake. Akaketi karibu na mlango.

Nyuma yake akaja mgane. Mkewe kafariki jana. Alikuwa na picha moja tu, ya harusi ya watu wengine, mke yuko pembeni anacheka, akaomba hao wengine niwakate. Nikaiweka kwenye skana, nikaishia hapo. Huyu mama nimweke wapi? Juu ya nani? Nyuma yangu Stamen akasema, "Bonyeza, binti, watu wanangoja."

Nikainama, nikachomoa waya.

Nimesema umeme umekatika. Stamen kaenda kuangalia fyuzi, mimi nikakimbilia huku, waya nimeutia kwenye mkoba. Na taa zinawaka duka zima! Mwanamke wa miaka arobaini na sita, uongo gani huu.

Sasa namsikia Shangazi Nedka, kwa upole wake, anamwambia, "Stamen, si hizi taa zinawaka?"

Stamen ananiita. Sasa ananiita tena. Kwenye ufa wa mlango namwona Nedka: ameshavaa miwani, karatasi ya mwaka jana aliyoibandua nguzoni, uso umefutwa na mvua, iko magotini, anangoja kusoma tanzia ya mwanawe kabla haijachapwa, asije akakuta kosa. Nikitoka, yeye ndiye wa kwanza ninayepaswa kumwambia.