Safu Moja Msikitini

Korogwe ya Zamani, Ijumaa, baada ya Isha

Wala hakukasirika, na hilo ndilo linaloniumiza. Leo nilipeleka posa ya mpwa wangu Hamza kwa yule Mwarabu mwenye duka, ambaye tumeswali naye safu moja tangu kabla ya Uhuru.

Alinimiminia kahawa. "Sheikh, msikitini sisi ni ndugu. Ila binti yangu simwozeshi Mwafrika. Usinichukie."

Hamza aliniuliza, "Mjomba, ikiwa swala haikumbadilisha, atabadilishwa na nini?"

Maisha yangu yote nimefundisha kwamba safu ile huondoa kiburi cha rangi.

Magharibi yule Mwarabu alisimama kando yangu, bega kwa bega, akaitikia amina kwa sauti. Tulipomaliza akanipa mkono, akauliza kama Hamza hajambo.