Chini ya Kawa

Kilindoni, 2 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na nyumba nzima haijambo. Najua hupendi ujumbe wa simu, kwa hiyo nimempa Hafidhi wa bodaboda akuletee.

Jumapili kikundi chetu cha wanawake wasanii kitafanya maonyesho hapo uwanjani Baleni. Tumeazima kawa za kufunikia chakula katika nyumba mbalimbali. Chini ya kila kawa tutaweka sahani ya udongo yenye rangi, ikionyesha alichokula mtu mmoja wa nyumba hiyo. Tunataka watu waone nani hupata samaki na nani hubaki na mchuzi. Hatutaandika jina la mtu. Nakuomba uje.

Mwanao,
Shamsa


Baleni, 6 Agosti 2024

Kwa Shamsa,

Marahaba. Afya tunayo, heshima ndiyo iliyopungua.

Nilikuja. Nikafunua kawa ya zambarau, nikakuta mhogo mkavu na mchuzi mweupe. Pembeni mmeandika: mjamzito. Hamkutaja jina, lakini nani hapa Baleni asiyeujua mkono wa marehemu mama yako? Kila mwanamke hushona kawa kwa namna yake, nasi huzitambua kama tunavyotambua sauti. Jirani yetu Muhidini alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Mwalimu, kumbe kwako samaki akishafika barazani hajui njia ya kurudi jikoni." Wakacheka watu niliowafundisha kusoma.

Kwa sasa sitaki kukuona nyumbani.

Baba yako


Kilindoni, 8 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Naomba hasira isikupandishie presha.

Niwie radhi kwa kawa ya mama. Tulificha majina, tukasahau mikono. Lakini sahani ile sikuitunga mimi. Wifi Sabra aliifinyanga mwenyewe. Kliniki wamempima, damu yake ni ndogo mno. Muuguzi, dada Albina, amemwambia ale samaki na mboga za majani kila siku, ama sivyo kujifungua kwake kutakuwa kwa hatari. Naye husubiri kinachorudi kutoka kwenu wanaume. Kwa kuwa wewe ni mkwewe, hawezi kukwambia.

Usinijibu mimi, Baba. Mtazame yeye.

Binti yako,
Shamsa


Baleni, 19 Oktoba 2024

Kwa binti yangu Shamsa,

Marahaba. Sote wazima, na leo naliandika neno hilo kwa uhakika.

Sikukujibu kwa sababu uliniomba hivyo. Siku ile ile niliyopata barua yako nilihamishia sinia uani ili tule pamoja. Kaka yako Kheri aliona haya kula na mkewe mbele yangu, na Sabra hakugusa samaki hata kidogo. Nikafahamu kwamba mkwe hawezi kunyoosha mkono penye mkono wangu. Tangu hapo samaki hugawanywa jikoni, fungu la Sabra likitengwa kwanza, nami hula nilichopewa. Mara nyingine hupewa kichwa. Kina kazi kubwa kuliko nilivyodhani.

Juzi alfajiri Sabra alijifungua mtoto wa kike. Dada Albina anasema damu ilitosha. Nilikuwa nje ya wodi na tasbihi. Waliponiita, niliingia. Nilipomwona ameketi anakunywa uji, nililia mbele ya wauguzi, na sikujali.

Akika ya mtoto ni Jumatano. Wanawake watapakuliwa kwanza. Shekhe ameniuliza wanaume watakula nini. Nimemwambia, "Kitakachobaki." Amecheka, lakini hakukataa.

Njoo Jumanne usimamie jiko. Sabra asiguse sufuria.

Baba yako