Salamu kwa Golikipa Saidi

Mama, shikamoo. Baridi ya Songea imenishinda, nimejinunulia sweta la mtumba.

Sanduku la marehemu kaka nimelipata chuo cha ualimu, ila glovu zake hazimo. Golikipa mpya alizivaa jana kwenye fainali, na chuo kimeshinda. Sikumdai.

Baada ya mechi mashabiki walijazana kilabuni, wakibishana juu ya bao la mwisho huku pombe ya komoni ikizungushwa ndani ya kombe lenyewe. Mimi nilisimama nje nakula muhogo wa kuchoma. Mzee mmoja akanisogelea.

"Binti, yule golikipa mrefu wa mwaka jana, Saidi, yuko wapi siku hizi? Kila mechi nilikuwa nakaa nyuma ya goli lake."

Nilishindwa kumtamkia, Mama. Nikasema amerudi kwetu Nalasi.

Alifurahi kweli. "Basi mwambieni kombe tumelichukua!"

Salamu hiyo naibeba tangu jana na sina pa kuitua. Jitahidi kula, hata ugali kidogo. Na kadi hii ikikufikia, nenda makaburini ukamwambie.

Mwanao, Zuhura