Mbao Mbili Zilizobaki

Karakana ya Baba,
Nyuma ya nyumba.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Salamu kwanza, maana nikiziruka utasema mdogo wako hana adabu. Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unakilea? Sisi tu wazima wa mwili. Mama analalamikia magoti kama kawaida, nami nanenepa. Yaliyobaki ndiyo yaliyonishikisha kalamu, na nakuambia mapema kwamba ninaogopa.

Mshonaji wa jirani aliagiza kisanduku cha vifungo chenye pande nane. Kwa Baba, kazi ya kufumba macho. Unakumbuka alivyotukaririsha hata kabla hatujajua kusoma: duara zima nyuzi mia tatu na sitini, gawa kwa idadi ya pande, kisha gawa kwa mbili, hapo ndipo unapolaza msumeno. Pande nane, ishirini na mbili na nusu. Pande sita, thelathini. Wewe ulikosea ukachapwa, mimi nikacheka, nikachapwa pia.

Alhamisi alikata mbao zote nane, akazipanga, akazibandika utepe mgongoni, akazigeuza na kupaka gundi kwenye kingo, kisha akaanza kuzikunja. Ya sita ikakutana na ya kwanza. Mbili zikabaki zinaning'inia kwenye utepe. Alikuwa amelaza msumeno kwa nyuzi thelathini.

Kukosea si hoja, Kaka, mimi hukosea kila wiki. Nilisubiri agune, kisha ajicheke, kama tumjuavyo. Badala yake alizibandua zile mbili, akazigeuzageuza mkononi, akaniuliza kwa upole, "Hizi za nani?" Nikamwambia ni zetu, Baba, za kisanduku. Akakitazama kisanduku ambacho tayari kimefunga, akanikabidhi. "Ziweke vizuri. Mwenyewe atakuja kuziulizia."

Nilikiinua kisanduku dirishani. Maungio yote sita yamefumbana, hata mwanga haupiti. Mkono wake ungetetemeka ningesema ni uzee, na uzee tunaujua. Mkono ni uleule.

Mama anasema ni uchovu tu, na amenikataza kukuandikia. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na humu karakanani mna msumeno wa meza. Ijumaa niliukuta unanguruma, Baba amegeukia mlango akijaribu kukumbuka alichotaka kuniambia, kiganja kiko mezani, karibu kabisa na meno. Sikuthubutu kumwita, nilihofia atashtuka. Nilijivuta taratibu ukutani hadi kwenye swichi, nikauzima.

Tangu hapo nimechomoa waya, nikamdanganya kwamba mota imeungua. Akaitikia tu, akaenda kukaa. Yule Baba ambaye huwezi kumwambia kifaa kimeharibika asikifungue mwenyewe! Hilo limenitisha kuliko ule msumeno.

Siwezi peke yangu. Nikimtajia daktari atasema nimemfanya mtoto, na ulimi wangu unaujua, tutaishia kununiana. Wewe ni kifungua mimba wake, ukisema twende, atavaa viatu. Usinitumie ushauri, ninao wa kutosha kutoka kwa majirani. Njoo wewe, kabla hajaugundua ule waya.

Msalimie sana Wifi, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenibana. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Mungu akulinde njiani na akufikishe salama.

Zile mbao nimeziviringisha kitambaa, ziko juu ya kabati. Kila asubuhi Baba huniuliza kama mwenyewe ameshafika. Namjibu bado.

Mdogo wako akupendaye,
yule uliyembandika jina la Msasa