Namba Uliyoandika Ukutani

Baba,

Simu yako niko nayo mimi. Mama alinipa wiki ile tulipokuzika, akasema isizimwe, kwa sababu namba yake ndiyo uliyoandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa shamba la Lukenya, hapo ulipolala: SHAMBA HILI HALIUZWI. UKIUZIWA, PIGA SIMU. Ulikuwa hutaki mtu atapeliwe kwa jina lako. Nia ilikuwa nzuri, Baba, lakini ungejua hiyo namba imenitesa vipi.

Mabroka, hao madalali wa mashamba, wanasoma "haliuzwi", halafu wanapiga kuuliza bei. Kila siku. Niko dukani hapa Machakos mjini nampimia mteja kitambaa, simu inalia. Niko kanisani, inalia. Mmoja alinipa pole ya msiba, na kabla sijasema asante akaniuliza kama hati ya shamba iko kwa jina lako au la babu. Matanga yenyewe yalikuwa hayajaisha. Hawa watu hawana haya hata kidogo.

Nikaanza kuwazuia. Wewe hukuwahi kumfungia mtu simu. Ulikuwa unapokea hata aliyekosea namba, unamuuliza kama kwao mvua imenyesha. Mimi sina huo moyo. Niliweka ile programu inayokuonyesha jina la mtu usiyemjua, jina alilopewa na wengine kwenye simu zao. Baba, nilicheka peke yangu: "Broka Lukenya." "Mwongo wa Mashamba." "Huyu Usishike." Wote nikawatia kwenye orodha ya waliozuiwa. Wakabadilisha laini, wakarudi. Nikakasirika, nikaamua kufunga namba zote za wageni, niwaachie jamaa zetu peke yao.

Jumamosi, kabla sijazifunga, ikaingia namba isiyo na jina. Niliipokea kwa ukali, sikufichi. Alikuwa mwanamke anayeshona nguo kiwandani Athi River. Alinivumilia mpaka nikamaliza, akasema kwa upole, "Lakini dada, si ukuta umesema tupige?" Akanieleza ameonyeshwa shamba letu na mzee mmoja anayesema ni lake, na Jumatatu wanaandikiana mkataba wa kuuziana. Yale maandishi aliambiwa ni ya zamani, yatapakwa rangi. Kaburi nalo lisimtie wasiwasi, litahamishwa.

Kaburi lako, Baba.

Nikamwomba namba ya huyo mzee. Akawa ananisomea pole pole, mimi naandika kwenye simu yako, na kabla hajafika mwisho simu ikaleta jina yenyewe, vile ulivyoliweka wewe: "Ndugu Yangu."

Baba mdogo. Yule aliyelia kutushinda sisi wote siku ya mazishi, mpaka vijana wawili wakamshika asianguke. Nilikaa chini nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, nikamwambia yule dada asimpe mtu pesa, shamba ni letu na haliuzwi.

Nimemzuia, kwenye simu yako na kwenye yangu. Amemtuma mkewe kwa Mama, eti nimekosa adabu, mtoto hafungii mzazi simu. Adabu gani hiyo anayonidai mtu anayetaka kukufukua? Mama alimsikiliza, akampa chai. Jumatatu asubuhi akavaa lile gauni lake la kanisa, akaniambia twende ofisi ya ardhi. Tumeweka pingamizi, shamba lisibadilishwe jina bila sisi. Yeye ndiye aliyetia sahihi wa kwanza.

Yule dada wa Athi River hakuandikiana na mtu. Alipiga tena kusema asante, nikaona haya kwa ule ukali wangu.

Sasa nakuahidi. Laini yako sitaizima, na wageni sitawafungia. Mabroka wapige, tutagombana mmoja mmoja. Lakini atakayepiga kuuliza ukweli ataupata kwangu. Ndugu yako peke yake ndiye asiyeweza kunipata.

Lala Baba, hapo hapo ulipo. Hakuna wa kukuhamisha.

Binti yako,
Mwende